Nyasi za Upande wa Stoo

Kwanza tuelewane: mpira naujua. Sijisifu, nataja tu kitu kilichopo. Wanaoniita Sindano wanasema ni kwa ajili ya pasi zangu. Mama mkwe wangu anasema ni kwa ajili ya mdomo. Vyovyote vile, nipe upenyo kati ya mabeki wawili, upenyo ambao hata paka atajibana kuupita, nami nitapitisha mpira hapo bila kumgusa mtu. Jezi namba kumi nimeivaa miaka nenda rudi, na hakuna aliyewahi kuniuliza nimeipataje.

Ila pasi inataka nyasi, na watu wa jukwaani hawalijui hili. Nyasi zikiwa fupi na zimelowa, mpira unateleza na kufika pale ulipoutuma. Zikiwa ndefu na kavu, unajikokota kama mtoto aliyetumwa dukani huku wenzake wanacheza. Anayeamua mpira uende vipi ni mtu mmoja mwenye mashine ya kukatia nyasi. Na mtu huyo, kwa bahati yangu au kwa balaa langu, ndiye aliyenioa.

Balaa lenyewe ni kwamba hakuwa mtunza uwanja wa klabu yangu. Alikuwa wa watani wetu, walio upande wa pili wa mji. Tulikutana hukohuko kwao. Nilichezewa faulo nikaanguka kifudifudi, na mtu wa kwanza kunikimbilia hakuja na dawa, alikuja na ndoo ya mchanga kuziba shimo nililochimba kwa njumu. Akaniambia, "Dada, sogea kidogo." Nikamtukana. Mwaka uliofuata tukaoana.

Siku ya ndoa tuliwekeana sharti moja tu: mpira unavuliwa mlangoni pamoja na viatu. Yeye anakula kwa watani wa kule, mimi nakula kwa klabu ya huku. Tukianza kubishana kitandani nani alikuwa ameotea, hatutalala. Sharti lilitubeba vizuri. Aliyekuwa nje ya sharti ni mama mkwe, ambaye tunaishi naye, na ambaye ni shabiki wa watani wetu kufa na kupona. Ana redio, ana skafu yao, na siku wakifungwa hapiki.

Sasa, msimu ninaousimulia tuliuanza kama mabingwa wa ligi, kwa hiyo tulikuwa na tiketi ya kucheza kombe la bara. Wakaguzi wa shirikisho wakaja kuangalia uwanja wetu. Wakakuta chumba cha wageni mlango haufungi, bomba la bafuni linatoa sauti badala ya maji, na taa za upande mmoja zimekufa. Wakatikisa vichwa kwa adabu. Ligi chezeni hapa, wakasema, lakini mechi za bara tafuteni kwingine. Uwanja mwingine uliofaa mjini ulikuwa mmoja tu. Mnaujua.

Viongozi wetu wakaenda kuukodi, roho zikiwauma. Kuanzia siku hiyo watani wetu wakajiita Wenye Nyumba, na sisi wakatuita Wapangaji. Mama mkwe alilipokea jina hilo kama zawadi. Kila asubuhi nikitoka na begi langu la mazoezi, ananipigia kelele kutoka jikoni, "Mkwe wangu, mkimaliza mpige deki! Nyumba ya watu hiyo!"

"Tutaifagia kwa mabao, mama," namjibu.

Na kweli tuliifagia. Makubaliano ya kukodi yalikuwa kwamba siku ya mechi yetu, mpangaji ndiye anayesema nyasi ziwe vipi. Kocha wetu alimpigia mume wangu simu, akasema anazitaka fupi na zilowe, na mume wangu akazifanya hivyo. Tulicheza mpira hatua ile ya makundi mpaka wapinzani wakawa wanatuomba jezi. Nilikuwa nautoa mpira mguuni unaenda wenyewe, jamani, utadhani umeambiwa njia. Tukavuka makundi, tukavuka robo fainali. Klabu yetu haikuwahi kufika nusu fainali ya bara tangu iundwe, na sasa tumefika, mimi nikiwa katikati ya kiwanja.

Nyumbani hatukuongea lolote la mpira. Anavua viatu vyake vyenye mabaki ya nyasi, navua vyangu, tunakula.

Kisha ikaja dabi.

Hiyo ilikuwa mechi ya ligi, na ilikuwa siku ya Wenye Nyumba, kwenye uwanja wao, kwa maagizo yao. Ligi ilikuwa inakaribia mwisho. Tukishinda, ubingwa wetu. Tukitoka sare, wao ndio mabingwa. Niliingia kupasha mwili moto, nikakanyaga hatua ya kwanza, nikajua. Nyasi zilinifika kwenye kamba za njumu. Maji, hata tone hakuna. Nikapiga pasi ya kujaribu, mpira ukaenda, ukasitasita, ukalala.

Nikainua macho. Mkabala na jukwaa kuu, upande wa pili wa kiwanja, kuna stoo ndogo ya bati ambamo mume wangu huweka mashine yake. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wake, mikono nyuma, ananitazama mimi. Si mwingine, mimi. Nilimkata jicho ambalo lingekausha nyasi kama zisingekuwa zimekauka tayari.

Nikamwendea Kocha. "Leo nacheza upande wa jukwaa."

"Upande wako ni ule wa stoo. Umeucheza mechi zote za bara."

"Leo upande ule unanuka."

Kocha ananijua nikivimba, akaniacha. Kipindi cha kwanza nikang'ang'ana na upande wa jukwaa. Kipindi cha pili tukabadilisha magoli, na mimi nikahama pia, nikarudi upande wa jukwaa vilevile. Na mume wangu hakuondoka pale. Kila nikigeuka yupo, mikono nyuma, kama mtu anayengoja mgeni. Nikawa nazidi kukasirika. Pasi zangu zilikufa njiani moja baada ya nyingine. Filimbi ya mwisho ilipopigwa ilikuwa sare tasa, na Wenye Nyumba wakabebana mabegani. Kocha wetu alikatiza kiwanja akaenda kumwita mume wangu mchawi, mbele za watu. Sikumtetea.

Nilimngoja nyumbani. Mama mkwe alikuwa amekaa na redio yake, skafu shingoni, anapiga vigelegele kila mtangazaji akitaja neno ubingwa. Mume wangu akaingia, akainama kuvua viatu.

"Nyasi zile ni wewe," nikasema.

"Niliambiwa ziachwe, zikaachwa."

"Na ulijua ni miguu ya nani itakayopita humo!"

Akanyanyuka, kiatu kimoja mkononi. Akanitazama, akamtazama mama yake. Mama alikuwa amepunguza redio, jambo ambalo sijawahi kuliona maishani mwangu. Mume wangu akakiweka kiatu mlangoni.

"Mpira unavuliwa mlangoni," akasema, akaenda zake kuoga.

Nawaambia ukweli, kupoteza ubingwa kuliniuma, lakini hilo liliniuma zaidi. Mtu amekukata maini mchana kweupe, halafu anajificha nyuma ya sharti mlilowekeana kwa mapenzi! Nikaapa sitaongea naye. Na mimi nikinuna, nanuna kwa mipango. Tuliishi hivyo, mama mkwe akiwa mjumbe.

"Mama, mwambie mwanao chai iko mezani."

"Mwanangu, chai iko mezani."

"Mama, mwambie ahsante."

"Amesema ahsante. Nyie watu, mimi ni simu?"

Katikati ya kununa huko tukasafiri kwenda kucheza mkondo wa kwanza wa nusu fainali. Wale wenyeji, nikiri tu, walikuwa na mpira. Walicheza pasi kama sisi, ila wao walikuwa na mapafu ya ziada, na nyasi zao zilikuwa fupi na zimelowa kupita hata za kwetu. Walitupigia pasi mpaka kipa wetu akawa hajui amwangalie nani. Tulifungwa moja bila. Moja tu, na ilikuwa bahati yetu. Nyumbani tulihitaji kushinda kwa tofauti ya mabao mawili.

Tuliporudi, Kocha akaniita chumbani kwake. Chumba chenyewe kiko chini ya ngazi za jukwaa letu, meza moja, feni moja inayolalamika, na juu ya meza vizibo vya soda. Kila kizibo ni mchezaji. Mimi ni kile chekundu. Nikakaa, nikakitafuta kizibo changu uwanjani, sikukiona. Kilikuwa pembeni kabisa mwa meza, karibu na kikombe chake cha kahawa.

"Kocha, mimi nimeangukia wapi?"

"Tulia." Akaweka kizibo kirefu cha chupa ya maji mbele ya goli. Huyo alikuwa Mnara, mshambuliaji wetu, binti mrefu ambaye kichwa chake ni hatari na miguu yake, tulikuwa tukimtania, ni ya kusimamia tu. "Hawa watu tukicheza nao pasi, watatumaliza. Nataka nyasi ndefu. Kavu. Zilezile za dabi. Zikate pasi zao, sisi turushe mipira ya juu, Mnara agongee."

"Zile zilizotuua?"

"Zile zilizotuua. Sasa ziue wengine."

"Na mimi?"

"Utaanzia benchi."

Nilihisi kama mtu kanimwagia maji ya baridi shingoni. Nusu fainali ya bara, ya kwanza katika historia ya klabu, mimi ndiye niliyetupeleka huko kwa pasi zangu, na ninaambiwa nikae nimshikie mtu chupa! Nilitaka kuipindua ile meza.

"Kuna jambo lingine," Kocha akasema, sasa akiangalia feni. "Mtunza uwanja hapokei simu yangu. Tangu nilipomwita... lile jina. Nimeenda stoo, kajifungia ndani, nasikia anakohoa. Itabidi ujumbe uupeleke wewe."

"Kocha, mimi na yeye hatuongei."

"Basi anzeni."

Nilitembea kwenda nyumbani nikiwa na kitu kinanichezea ulimini. Ujumbe uko kwangu. Kocha hawezi kuuliza, mume wangu hawezi kuuliza. Nikisema "Kocha anazitaka fupi, na maji mengi," zitakatwa fupi. Asubuhi ya mechi Kocha atafika, ataona, atapiga kelele, lakini nyasi haziwezi kurudishwa. Mipira ya juu haitamfaa, atahitaji pasi, na pasi ni mimi. Ningecheza tangu dakika ya kwanza. Na tena ningewafunga wale kwa mpira wao wenyewe, siku hiyo nilikuwa na hakika nalo kama ninavyolijua jina langu.

Nikaketi kwenye ngazi ya mlango wetu nikimngoja, neno "fupi" likiwa tayari mdomoni. Nikamwona anakuja na baiskeli yake, shati limechafuka kijani mgongoni, uso wake ule usiosema kitu. Akasimama aliponiona. Nikafikiri: nyasi ni mikono ya huyu mtu. Yeye akikata, ni yeye anayewajibika. Nikimdanganya leo, mambo yakiharibika kesho, jina litakalochafuka ni lake, na watamwita mchawi mara ya pili, na safari hii ni mimi niliyempaka matope. Nilikuwa nimemnunia kwa kunigeuka. Ningemgeukaje na mimi?

Lo, jinsi nilivyochukia kuwa mtu mwema jioni ile!

Aliinama kushika kamba za viatu. "Usivue," nikamwambia.

Akabaki ameinama. Lilikuwa neno langu la kwanza kwake tangu dabi.

"Kocha anataka nyasi za mechi yetu ziwe ndefu. Kavu. Kama za siku ile."

"Ndefu?"

"Ndefu."

"Na wewe unacheza wapi kwenye ndefu?"

"Benchi."

Alinyanyuka taratibu, akanitazama kama anayesoma maandishi madogo. "Na ni wewe unayeniambia niziache."

"Ni mimi. Kocha ndiye amesema, nami nimesema. Sasa vua viatu."

"Haya," akasema. Akavua. Mama mkwe alipotuona tumeingia pamoja akasema, "Ahaa, simu imepumzishwa."

Asubuhi iliyofuata aliondoka mapema kuliko kawaida. Nilimwona akitia jiwe la kunolea kwenye mfuko wake. Nikajiuliza: mtu aliyeambiwa aziache nyasi ananoa nini? Lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa benchi, nikaliacha lipite.

Siku ya mechi uwanja ulijaa alasiri mapema. Mashabiki wa Wenye Nyumba nao walikuja, eti kuona wapangaji wakitolewa vyombo nje. Kamishna wa mchezo alizunguka na kipimo chake, akapima katikati, akapima kwenye kona, akaandika, akaridhika: nyasi ndefu, lakini ndani ya kanuni. Nilikaa benchi upande wa jukwaa, nimevaa kizibao juu ya namba kumi yangu. Ng'ambo, mbele ya stoo, yule bwana alikuwa amesimama palepale, mikono nyuma.

Na Kocha, mpeni haki yake, alikuwa amepiga hesabu sawasawa. Wageni walianza na pasi zao za haraka, na mipira ikawa inawakatikia njiani kama ilivyonikatikia mimi. Walitazamana. Walitazama njumu zao. Sisi tukarusha mipira juu, na kabla ya mapumziko tukapata kona, Mnara akapanda angani peke yake utadhani kaitwa, akaupiga kichwa. Goli! Nilikimbia na kizibao changu mpaka kwenye kibendera cha kona, nikamrukia. Jumla ikawa moja kwa moja. Tulihitaji moja zaidi.

Kipindi cha pili wakazoea. Wakaacha pasi nao wakaanza mipira mirefu, na mabeki wao wakajua kumbana Mnara, mmoja mbele mmoja nyuma. Mpira ukawa wa kugombaniwa tu. Uwanja mzima ukanyamaza ule unyamavu wa watu wanaokula kucha. Kocha akageuka.

"Sindano. Vua hicho kizibao."

"Nicheze wapi?"

"Kaa karibu na Mnara, upande huu wa jukwaa. Okota anachodondosha."

Nikaingia. Mpira wa kwanza Mnara aliugonga vibaya, ukadondokea ng'ambo, upande wa stoo. Nikaukimbilia. Niliukimbilia nikiwa nimeshapiga hesabu kwamba utakwama, kwa hiyo nilipunguza mwendo ili niukute umelala. Haukulala. Ulinipita miguuni ukiwa na haraka zake, ukatoka nje. Mashabiki wa Wenye Nyumba wakacheka kwa sauti moja.

Mimi sikucheka wala sikukasirika. Nilichutama nikajifanya nafunga kamba, nikaweka kiganja chini.

Fupi. Fupi, na baridi ya maji.

Nikaangalia vizuri. Unajua uwanja ukikatwa huwa una mistari, mmoja mweusi kidogo, mmoja mweupe, kwa namna mashine inavyokwenda na kurudi. Ndani ya mstari mmoja mweusi, sambamba na mstari wa pembeni, kulikuwa na njia nyembamba, upana wa mkeka, imekatwa chini kuliko kwingine kote na kulowanishwa. Kutoka jukwaani huioni. Ukiwa umesimama juu yake huioni vilevile, mpaka uishike. Ilianzia mbele ya stoo ikaenda hadi karibu na mstari wa goli.

Nikainua macho. Mume wangu hakuwa mbali, ningeweza kumrushia kokoto. Mikono yake ilikuwa bado nyuma. Akakohoa.

Mungu wangu! Nilijikuta natabasamu peke yangu katikati ya nusu fainali.

Kuanzia hapo nilikuwa mtu mwingine. Kocha alinipigia kelele nirudi upande wa jukwaa, nikajifanya hamnazo. Nikaomba mpira kwa mikono, kwa mdomo, kwa macho. "Huku! Leteni huku!" Kiungo wetu akaniletea. Nikatuliza kwenye ile njia, na beki wao wa pembeni akanijia. Alikuwa mzuri, yule dada, lakini alikuwa amezicheza nyasi ndefu kipindi kizima na miguu yake imeshazoea. Nilisukuma mpira mbele kidogo tu, mguso ambao kwingine kote ungekwama. Akainyoosha njumu yake pale mpira ulipopaswa kuwa. Mpira haukuwepo. Ulikuwa umeshateleza, na mimi nyuma yake, na yeye amekaa chini anaangalia nyasi kama aliyedhulumiwa.

Nikaenda na ile njia hadi mwisho wake. Mabeki wawili waliombana Mnara walilazimika kuchagua, na mmoja akanijia mimi. Miguu yake ilikuwa wazi. Sindano ni sindano. Nikapitisha mpira katikati, chini, mgumu, ukamkuta Mnara amebaki na goli tupu, naye, kwa miguu ile tuliyokuwa tukisema ni ya kusimamia, akauweka wavuni.

Sikumkimbilia yeye. Nilikimbilia stoo. Nilisimama mbele ya mume wangu nikampigia saluti, na watu wote wakadhani nawakejeli Wenye Nyumba. Wacha wadhani. Yeye akatazama juu mawinguni, mtu asiyenijua kabisa.

Mbili bila. Tuliingia fainali.

Watu walipokwisha kutawanyika, jua bado lipo, nikaenda huko stoo na njumu zangu mkononi. Alikuwa anakunja mpira wa maji.

"Toka nje," nikamwambia. "Hapo una mlango, na sharti letu nalijua. Nina neno la mpira."

Akatoka.

"Umeambiwa ndefu."

"Nimeziacha ndefu."

"Na ile?"

"Pembeni mashine ilishuka kidogo."

"Ilishuka moja kwa moja, mkeka mzima, hadi golini?"

"Mashine ya zamani hiyo."

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. "Ulijuaje kwamba ningeingia?"

"Kocha wenu ana mdomo mchafu, lakini si mjinga. Mechi ikikaza angekuita."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungeanza kuitazama tangu unapasha moto. Uso wako wewe hauna pazia."

Hapo alisema kweli. Lakini dabi ilikuwa bado inaniuma, na mimi neno siwezi kulilea. Likatoka. "Sasa kama moyo huo unao, kwa nini siku ya dabi hukunifanyia? Siku ile ndiyo niliyokuhitaji!"

Akaacha kukunja ule mpira wa maji. Nikaona ule uso usiosema kitu ukitaka kusema.

"Nilikufanyia," akasema.

"Ulinifanyia nini?"

"Njia. Palepale. Upande wako wa siku zote." Akaonyesha kwa kidevu. "Ulidhani nilisimama pale mechi nzima nikitazama nini? Nilikuwa nakuita."

Nikageuka kuelekea kiwanjani.

Nikamwona tena siku ile ya dabi, amesimama mbele ya mlango wa bati, mikono nyuma. Kipindi cha kwanza nimemkimbia. Kipindi cha pili nimehama na magoli ili nimkimbie tena. Upande unanuka, nikasema. Ubingwa ulikuwa umelala pale umekatwa na kulowanishwa, na mtu aliyeulaza alikuwa ameweka kibarua chake rehani, kwenye uwanja wa waliomwajiri, siku ya dabi yao, kwa ajili yangu. Wangejua wangemfukuza kabla ya filimbi. Halafu akaja nyumbani nikamgombeza, akavua viatu, akaenda kuoga.

Nililia. Tena sikujificha, nililia kwa sauti nimekaa juu ya nyasi zake. Nilipomaliza nikamrushia njumu moja, ikampata begani.

"Na usiku ule mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Mama alikuwa amepunguza redio."

Nikamrushia na ya pili, lakini hii aliidaka. Akaketi kando yangu, tukacheka kama wendawazimu, na yeye akaanza kuziba mashimo ya mechi kwa vidole, huku anacheka, kwa sababu hawezi kuona shimo akaliacha.

Fainali tuliicheza mbali, kwenye nyasi zilizokatwa na mume wa mtu mwingine, na kombe tukaleta nyumbani. Mimi nilianza, na hilo halikuwa na mjadala. Siku hizi uwanja wetu umekarabatiwa, mlango wa chumba cha wageni unafunga, na mtunza uwanja wetu mpya mnamfahamu. Ndiyo maana naweza kusema haya yote.

Lakini jioni ile ya nusu fainali tulirudi wawili, yeye akisukuma baiskeli, mimi nikibeba begi. Mama mkwe alikuwa mlangoni, skafu imekunjwa, amekunja na uso.

"Wapangaji mmefika," akasema. "Haya, viatu."

Mume wangu akanitazama. Mimi nikamtazama. Hakuna aliyeinama. Tukapita na viatu vyetu, tukidondosha nyasi sakafuni mwake hadi jikoni, mama akitupigia kelele nyuma, nasi tunaongea mpira kwa sauti, mechi zote za msimu, isipokuwa ile moja ya dabi.